Goma: Nani anashusha muziki ili mama asikike?

Wasikilizaji wa redio mjini Goma wanaijua kasoro hii hata kama hawajui jina lake. Kipindi kinaanza na muziki. Mtangazaji anasema maneno mawili matatu, anasikika vizuri, halafu anampa nafasi mama aliyekimbia kutoka Rutshuru au Masisi. Mama anapoanza kusema, muziki unapanda. Unasikia "mtoto wangu", unasikia "tulipotezana njiani", kisha jina la mtoto linamezwa na gitaa. Tangazo limekwisha. Jirani anauliza: amesema mtoto wa nani? Hakuna anayejua.

Watu wanamlaumu fundi wa sauti, wakidhani alisinzia. Mara nyingi fundi hakugusa chochote. Kompyuta ndiyo iliyopandisha muziki, kwa sababu iliambiwa hivyo jana au juzi, na inatii. Jambo hili mafundi wanaliita otomesheni, yaani programu ya kurekodia kukumbuka mwendo wa mkono kwenye volyumu na kuurudia wenyewe bila mkono. Ni msaada mkubwa, na hakuna studio ndogo ya Goma ingependa kurudi nyuma. Ila kila kasoro inayowasumbua wanaorekodi hapa leo ilianzia mahali, na anayejua ilikoanzia anaitafuta kwa dakika tano badala ya usiku mzima.

Kabla ya mashine, kazi hiyo ilikuwa ya mkono. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kurekodi muziki wa bara hili kwa miaka mingi, alipita pembeni ya msitu wa Ituri akarekodi Wanande, Wabira na Wambuti. Hakuwa na nafasi ya kuchanganya sauti baadaye. Kilichoingia kwenye kinasa sauti ndicho kilichobaki. Kwa hiyo alishika mikro mkononi na kuisogeza: karibu na mwimbaji anapoanza, kuelekea ngoma zinapoingia, nyuma kidogo kwaya inapoitikia. Rekodi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka wa 1954. Ukizisikiliza unasikia pia maamuzi ya mtu aliyeshika mikro: huyu awe mbele, yule akae nyuma. Alikuwa mgeni, na si lazima mwenye wimbo angeamua vile vile. Lakini angalau kulikuwa na sikio lililokuwa pale pale, likisikiliza anayeimba.

Redioni mkono ulisaidiwa na sindano. Mwaka wa 1939 maabara ya Bell na makampuni mawili makubwa ya redio ya Marekani, CBS na NBC, walikubaliana kutumia kipimo kimoja cha sauti, ile saa yenye sindano inayocheza na sehemu nyekundu upande wa kulia. Sindano hiyo ilitengenezwa makusudi iwe nzito kidogo, ifuate wastani wa sauti na isikimbizane na kila mshindo. Fundi alitazama sindano, akasikiliza, akasogeza kitufe. Vizazi vya mafundi wa redio, Kongo na kwingineko, vilifundishwa hivyo: jicho kwenye sindano, kidole kwenye kitufe, sikio kwa anayesema.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya muziki. Miaka ya 1970 ilipoanza, studio kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zikirekodi kwenye treki 16, kisha 24, kila chombo na treki yake. Siku ya kuchanganya, mikono ya fundi mmoja haikutosha. Wanamuziki wenyewe walisimama mbele ya meza ya sauti, kila mmoja akishika vitelezi viwili au vitatu, ile vitufe vinavyosukumwa juu na chini, na wakikosea mara moja wanaanza upya. Ndipo kampuni ya Allison Research ya Marekani ilipotengeneza mfumo wa kuhifadhi mwendo wa vitelezi kama alama kwenye treki ya utepe ule ule wa muziki. Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na ugonjwa. Kila fundi alipotaka kusahihisha kidogo, alama zilisomwa kutoka treki moja na kuandikwa upya kwenye treki nyingine, na kila safari ziliongeza kuchelewa kidogo. Ukisahihisha mara nyingi, sauti inashuka baada ya neno kupita. Katikati ya miaka hiyo kampuni ya Neve ya Uingereza ikaleta NECAM, mfumo ambao vitelezi vilisukumwa na mota ndogo. Fundi alikaa akitazama vitufe vikipanda na kushuka vyenyewe kama vinasukumwa na mtu asiyeonekana.

Hapo ndipo yalipoanza maneno ambayo mpaka leo yako kwenye programu za kompyuta, na ambayo vijana wengi wa Goma wanayabonyeza bila kufundishwa maana yake: kusoma, kuandika, kugusa. Ukiweka "soma", mashine inarudia ulichofanya zamani. Ukiweka "andika", inafuta cha zamani na kuandika kila unachofanya sasa, hata kama hufanyi kitu. Ukiweka "gusa", inaandika pale tu kidole kiko kwenye kitelezi, na ukikiachilia inarudi kwenye mstari wa zamani. Ipo na namna ya nne: ukiachilia kidole, inaendelea kuandika pale ulipoachia mpaka usimamishe.

Kivu katika miaka hiyo ilikuwa mbali na vitelezi vya mota, na haikuwa na haja navyo. Ilihitaji sauti iliyo wazi. Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda waliingia Goma kwa siku chache. Mugunga, Kibumba na Katale zikawa miji ya mahema, na kipindupindu kikafuata. Agosti mwaka huo Redio Agatashya ilianza kusikika kutoka Bukavu, ikiwapa wakimbizi habari za huduma na za usalama. Jina lake kwa Kinyarwanda ni mbayuwayu, hirondelle kwa Kifaransa, na ndilo lililobaki kwenye Fondation Hirondelle. Redio hiyo ilinyamaza mwaka wa 1996 vita vilipofika Bukavu. Baadaye, tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila nyumba. Wiki tano hivi baadaye, tarehe 25 Februari, Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle walifungua Radio Okapi, yenye lugha tano: Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo.

Miaka hiyo hiyo kompyuta ilikuwa ikichukua nafasi ya utepe kwenye redio nyingi. Pro Tools ilikuwa sokoni tangu 1991, kwa wenye pesa. Cool Edit iliingia studio nyingi ndogo duniani, mpaka Adobe ilipoinunua mwaka wa 2003 na kuiita Audition. Na Mei 2000 ilitolewa Audacity, iliyoanzishwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, bure kwa kila mtu. Hiyo "bure" ndiyo iliyobadilisha mambo kwa watu wa hapa. Kijana wa Katindo au Majengo mwenye kompyuta ya zamani na mikro moja alipata chombo ambacho miaka 25 nyuma kilikuwa meza nzima ya London. Alichokosa ni yule fundi mzee wa kumwambia vitufe vinamaanisha nini.

Ndiyo maana kasoro zinafanana studio hata studio.

Ya kwanza, na ndiyo inayowachosha wengi, ni kitelezi kinachokataa. Fundi anapandisha sauti ya mtangazaji. Akicheza tena, kitelezi kinarudi chini chenyewe. Anadhani kompyuta ina virusi. Sivyo. Treki iko kwenye "soma", na chini yake kuna mstari uliochorwa zamani, pengine na mtu mwingine aliyetumia kompyuta ile ile. Mstari una nguvu kuliko mkono. Dawa ni kuufungua mstari wenyewe uonekane kwenye skrini, kisha kuuinua au kuufuta. Kama ni sauti nzima iliyo chini na mapando yake ni mazuri, afadhali kuongeza nguvu ya kipande chenyewe kabla ya kufika kwenye kitelezi, na mstari ukae kama ulivyo.

Kasoro ya "andika" ni kinyume chake. Mtu alirekodi mwendo mzuri, akasahau kubadilisha kitufe, akacheza tena ili kumsikilizisha mwenzake. Kompyuta ikaandika juu ya kazi yote mkono uliolala. Kwa hiyo waliozoea wanarudisha "soma" mara tu wanapomaliza, na kwa marekebisho madogo wanatumia "gusa" peke yake.

Iliyo mbaya zaidi kwa redio ya habari ni ile ya mstari unaobaki nyuma. Habari za saa kumi na mbili zilitengenezwa saa tisa. Muziki ulishushwa vizuri pale mama anaposema. Saa kumi na moja mhariri anasema kipande ni kirefu, kata sekunde 20 za mwanzo. Fundi anakata, anavuta sauti ya mama mbele. Sauti inasogea, lakini zile nukta za kushusha muziki zinabaki mahali pake pa zamani. Sasa muziki unashuka sekunde 20 baadaye, wakati hakuna anayesema, na unapanda juu kabisa juu ya maneno. Programu nyingi zina chaguo la kufunga nukta ziende pamoja na kipande. Wengine hawajawahi kuliona. Hata hivyo, chaguo hilo linafunga nukta na kipande cha treki yake tu. Nukta za muziki ziko kwenye treki ya muziki, kwa hiyo mwenye kukata sauti lazima azichague treki zote mbili pamoja kabla ya kukata. Asipofanya hivyo, sikio tu ndilo litakalogundua, na dakika 5 kabla ya habari hakuna anayesikiliza tena kipande kizima.

Ipo pia ya kushusha mara mbili. Baadhi ya programu, Audition ikiwa mojawapo, zina mstari wa kipande na mstari wa treki, na yote miwili inafanya kazi kwa pamoja. Mmoja ukishusha desibeli 6, wimbi la sauti linabaki nusu ya kimo chake. Na wa pili ukishusha 6 nyingine, linabaki robo. Fundi anatazama mstari mmoja, anaona 6, hajui 6 nyingine zimetoka wapi. Na kama nukta mbili zimewekwa karibu mno, sauti ikaruka juu ghafla, kinasikika kishindo kidogo kama kucha kwenye meza. Kuzitenganisha kidogo tu, hata sehemu ndogo ya sekunde, kunatosha.

Lakini kisa cha mama aliyemezwa na gitaa mara nyingi kinatoka kwingine: kwenye mashine inayoamua yenyewe ni nani anayesema.

Ili kuokoa muda, programu nyingi zina njia ya kushusha muziki bila kuchora mstari. Unaiambia: sauti ikitokea kwenye treki ya mtangazaji, shusha muziki, ikinyamaza, upandishe. Kwenye Audacity inajulikana kama Auto Duck, na bila kubadilishwa inashusha muziki kwa desibeli 12 pale sauti inapovuka kizingiti cha desibeli 30 chini ya kiwango cha juu kabisa. Mtangazaji mwenye mikro nzuri mdomoni anakivuka kizingiti hicho bila shida. Mwanamume anayepaza sauti kwenye mkutano anakivuka. Mama aliyerekodiwa kwa simu mbele ya hema, anayesema polepole kwa sababu watu wanamsikiliza, au mtoto wa miaka sita anayeulizwa jina la kijiji chao, hakivuki, au anakivuka kwa neno moja na kushuka kwa lingine. Muziki unashuka, unapanda, unashuka. Mashine haina ubaya na mtu, ila imepangwa kuwapisha wenye sauti kubwa, na anayeitumia bila kuipima anawapisha hao hao.

Dawa yake ni rahisi, na haihitaji kompyuta mpya. Sauti zote za watu zisawazishwe kwanza, laini ipandishwe mpaka ilingane na ya mtangazaji, ndipo muziki ushushwe. Ama kizingiti kishushwe. Na kama mama yuko kwenye treki yake peke yake, ihakikishwe kwamba mashine inasikiliza treki hiyo pia. Wengi wameiunganisha na ya mtangazaji tu, na ndiyo maana mtangazaji anasikika vizuri na mgeni wake hasikiki. Kwenye Audacity treki inayosikilizwa ni ile iliyo chini moja kwa moja ya ile ya muziki, jambo dogo linalopoteza masaa.

Simu nayo imeleta mkono mwingine usioonekana. Tangu kambi zilipojaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, sehemu kubwa ya sauti za wakimbizi wa vita zilifika studio kama ujumbe wa WhatsApp. Simu inapandisha na kushusha sauti yenyewe wakati wa kurekodi, kabla hata ya kufika kwenye programu yoyote. Mtu akinyamaza kidogo, simu inadhani sauti imepungua, inafungua masikio, na mvua kwenye turubai inajaa. Akianza kusema, inajifunga ghafla na neno la kwanza linapotea. Neno la kwanza mara nyingi ndilo jina. Mwendo huo hauwezi kufutwa studio, kwa kuwa umeshachanganyika na sauti yenyewe. Wanahabari wenye uzoefu wanamwomba anayesema ataje jina mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na wanaishika simu karibu ili simu isiwe na sababu ya kutafuta.

Na safari haijaisha. Kati ya studio na mnara kunaweza kuwa na mashine nyingine, ya ukoo wa Optimod iliyotengenezwa na kampuni ya Orban ya Marekani mwaka wa 1975, inayobana sauti kubwa na kuinua ndogo ili redio isikike sawasawa kila wakati. Redio yenye mashine hiyo iliyokazwa sana itainua tena ule muziki ambao fundi aliushusha kwa uangalifu, kila mtangazaji anapovuta pumzi. Studio inasikika vizuri, hewani haisikiki vizuri, na fundi na mtu wa mnara wanalaumiana. Hapo hakuna otomesheni ya kurekebisha. Ni kushusha muziki zaidi ya sikio linavyotaka.

Goma imeona uzito wa jambo hili zaidi ya mara moja. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, watu wakakimbia gizani kuelekea Gisenyi na Sake. Siku iliyofuata UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Alhamisi ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima alitangaza kuhamishwa kwa mitaa kumi ya mji, na watu wapatao laki nne wakaondoka. Katika siku kama hizo tangazo lina maneno matatu yenye kazi: jina la mtoto, jina la mzazi, jina la mahali. Mengine yote msikilizaji anaweza kuyakisia. Hayo matatu hayakisiki.

Baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, maji wala intaneti, na redio kadhaa za mkoa ziliporwa au zilinyamaza. Februari kambi nyingi kandokando ya mji zikabaki tupu, watu wakatawanyika tena. Kwa programu ya kurekodia, umeme kukatika ghafla ni kasoro ya aina yake: sauti zilizorekodiwa huwa ziko salama kwenye diski, lakini mistari ya volyumu inakaa ndani ya faili la kazi, na kama halikuhifadhiwa, ukifungua tena unakuta treki zote ziko juu kwa pamoja, muziki na mama na jenereta. Asiyejua anaitoa hivyo hivyo.

Michezo ya redio, kama Kumbuka Kesho ya La Benevolencija iliyosikika Kivu, inahitaji muziki unaopanda na kushuka. Ndiyo raha yake. Tangazo la kutafuta mtoto haliuhitaji. Inatosha muziki usikike sekunde tatu za mwanzo ili watu wageuke, kisha ukatwe kabisa, si kushushwa. Halafu lisikilizwe kwenye redio ndogo ya betri, sauti ikiwa chini, mlango ukiwa wazi kwa barabara yenye pikipiki, na mtu ambaye hakulitengeneza aulizwe ameandika majina gani. Likipita hapo, lihifadhiwe mara mbili: moja lenye muziki, moja la sauti peke yake, ili redio ya Sake au ya Minova ikilipokea kwa simu ipate lile lisilo na gitaa.